Uso wa Mpiga Pondo

Mwalimu aliogopa mbuzi. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakimtaja wanamfanya shujaa, na mimi niliyeishi naye jirani, ua wangu na ua wake zikitenganishwa na makuti tu, nikisikia hivyo nacheka peke yangu. Mbuzi akilia ghafla nyuma ya nyumba, Mwalimu alishtuka hadi chai ikamwagikia msuli aliojifunga. Aliogopa radi, aliogopa sindano, aliogopa mtumbwi. Akivushwa mto alifumba macho mpaka ng'ambo, na wavushaji walimdanganya kwamba wamefika wakati wangali katikati ya maji. Mimi ni nesi, waoga nimewaona wa kila aina, lakini yeye hakuona haya hata kidogo. "Mie naogopa, Nesi," alikuwa akisema, kama mtu anayekwambia ana njaa.

Na mwoga huyo ndiye aliyekaa miaka na miaka akitengeneza kwa mkono wake kitabu cha picha, kitabu cha maisha ya mtu aliyenyongwa na Wajerumani. Nitasema mapema kwa nini nilimjua kuliko nilivyotaka kumjua. Katika ukurasa wa mwisho wa kitabu kile, mtu mwenye kamba shingoni alikuwa na uso wa mume wangu. Nilitaka uso ule utoke. Kuna wakati nilikuwa sitaki kitu kingine chochote duniani.

Tulifika Ruaruke, kijiji cha Kibiti, kikazi. Kwetu ni Singida, mimi na mume wangu, na tulipopewa barua za ajira hatukujua hata Kibiti iko upande gani wa Dar es Salaam. Mimi nilipangiwa zahanati, yeye akawa mtendaji wa kijiji. Mwalimu alikuwa ameshastaafu kufundisha shule ya msingi. Ndiye wa kwanza kutuletea ndoo ya maji, na wa kwanza kuucheka ugali wetu. "Huu si ugali, Mtendaji, hili tofali la kujengea choo," alimwambia mume wangu, kisha akakaa akala mpaka sahani ikawa nyeupe.

Mtu wa kitabu chake watu wa delta walimwita Mpiga Pondo, kwa ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi pasipo na kina. Alikuwa mtu wa Kiongoroni, kule karibu na bahari ambako njia ni maji na mikoko tu. Baada ya vita vya Maji Maji, Mwalimu alisimulia, watu waliokimbia njaa na askari walifika ukingoni wakakwama, na bwana huyu akawavusha kundi baada ya kundi, akawaficha ndani ya mikoko. Akida, msimamizi aliyewatumikia Wajerumani, akapata habari. Mpiga Pondo akakamatwa, akanyongwa mbele ya watu.

Nilimwuliza Mwalimu mara nyingi kama ni ndugu yake, maana sikuamini mtu ajisumbue hivyo kwa asiye wa kwao.

"Si ndugu yangu," alijibu. "Nilimsikia kwa bibi mmoja nilipokuwa nafundisha Kiongoroni, na tangu siku hiyo hanitoki. Hana kaburi, Nesi. Hana hata sura, hakuna aliyebaki anayeijua. Sasa mie nikifa sijamweka mahali, atakaa wapi?"

Kwa ukubwa kitabu chenyewe kilikuwa kama sinia. Alikata karatasi za manila, akazibandika mbili mbili kwa uji wa unga wa muhogo ili ziwe ngumu, akazitoboa kwa msumari na kuzishona kwa uzi wa nyavu. Jalada lilikuwa ngozi ya mbuzi, na kijiji kizima kilisema amelipiza kisasi. Rangi nyekundu alichemsha magome ya mkandaa, aina ya mkoko. Nyeusi alikwangua masizi ya koroboi akayachanganya na utomvu wa mkorosho. Njano ilikuwa binzari. Rangi nyingine aliwaomba wanawake wanaosuka mikeka, zile za unga za kutilia ukindu wanazonunua sokoni Kibiti, na kuomba kwake kulikuwa kuchota kwanza. Bi Zuhura, msusi wa nyumba ya pili, akimwona anakuja alipiga kelele, "Ficheni kijani, Mwalimu huyo!"

Aliswali swala zote tano, na kabla ya kila swala alikifunika kitabu kwa kanga. Wapo walionong'ona kwamba kuchora sura za watu hakufai. Sheikh alikuja siku moja kumkanya. Akakaa barazani, akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akaendelea hivyo mpaka adhana ikamkuta, na akaondoka bila kumkanya. Mwalimu alinihadithia huku amejishika kifua. Alisema tangu sheikh aketi mpaka alipoondoka alikuwa akitafuta njia ya kukimbilia jikoni.

Kilichomfanya awe tofauti na wachoraji wengine ni kwamba hakukubali kubuni sura. Mikoko alibuni, mitumbwi alibuni, hata Wajerumani aliwachora kwa kukisia. Lakini mtu wa pwani hii katika kitabu kile ilikuwa lazima awe na uso wa mtu aliye hai, anayepita njiani. "Nikibuni, wote watafanana na mie," alisema. "Mtumbwi mzima Mwalimu, Mwalimu, Mwalimu. Nani atauamini?" Basi alikuita ukae kwenye benchi barazani kwake, akakupa chai ya mchaichai na kitumbua, akachora huku anazungumza mfululizo na wewe umekatazwa kujibu.

Watu walipenda sana. Wanawake walifika wamejifunga kanga za doti mpya kana kwamba wanakwenda harusini, na yeye akawachora wamechoka na wana njaa, wakamnunia. Kila mmoja alitaka awe miongoni mwa waliovushwa. Uakida ndio haukupata mtu. Mwishowe mwenyekiti wa kitongoji chetu, mtu wa masharubu na utani mwingi, alikubali kwa sharti achorwe na koti zuri. Alipata koti lake. Kwa muda mrefu akiingia mkutanoni watu walisimama wakamwamkia, "Shikamoo, Akida!" naye akaitikia kwa sauti nzito.

Mpiga Pondo mwenyewe alichorwa kwa nyuma. Kila ukurasa amesimama tezi, pale nyuma ya mtumbwi, mgongo wake kwetu, na mti mrefu mkononi. Mwalimu alisema ndivyo walivyomkumbuka waliovushwa, mgongo gizani. Ila katika ukurasa wa mwisho, chini ya mti wa kunyongea, anageuka na kututazama. Uso wa pale ulimhangaisha Mwalimu kuliko kitabu chote kilichobaki, na jioni moja mume wangu alirudi nyumbani amechangamka, akaniambia amepandishwa cheo, amekuwa Mpiga Pondo.

Nilikwenda kuwatazama. Mume wangu alishindwa kabisa kukaa kimya, kila akikazwa macho alipasuka kicheko, na Mwalimu akamchora hivyo hivyo amebana midomo asicheke. Kamba shingoni, na mashavu yamejaa kicheko. Na mimi nilicheka. Sikuona chochote kibaya siku ile.

Kisha hofu ikaingia Kibiti. Mwanzo zilikuwa habari za vijiji vya mbali, mwenyekiti kapigwa risasi, mtendaji kapigwa risasi, waliofanya hawajulikani. Ukisikia hivyo unasema pole, unaendelea na kazi. Halafu vile vijiji vikaanza kuwa vile unavyovijua, halafu vile ulivyo na jamaa ndani yake. Kila aliyekuwa na cheo hata kidogo alianza kujificha kwa namna yake. Mume wangu aliung'oa ule ubao mdogo wa ofisi uliokuwa ukutani kwetu. Akaacha kuvaa mashati yake ya kazini. Tulikula kabla ya magharibi, na magharibi ikiingia taa yetu imeshazimwa, tumekaa sakafuni mbali na dirisha, tunasikiliza pikipiki. Mpaka leo nikisikia pikipiki inapunguza mwendo natafuta ukuta.

Nilimsihi tuondoke. "Siogopi, mama," alinijibu. "Nimemkosea nani?" Nikimwuliza tena kesho yake, jibu lilikuwa hilo hilo, siogopi. Nilimchukia kwa neno lile. Niliona kama hofu yote ya nyumba nimebebeshwa peke yangu.

Wakampiga risasi mwenyekiti wetu, yule mwenye masharubu. Walimkuta uani kwake ananawa miguu, na nilipoitwa zahanati hakukuwa na la kufanya ila kumfunika. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope la maji yake ya kunawa. Baada ya mazishi, mtu mmoja akakumbuka kwamba kwenye kitabu cha Mwalimu kuna ukurasa ambao akida ameteleza ukingoni na kuanguka kifudifudi matopeni. Mwalimu aliuchora ule kwa kuchekesha, watoto waupende. Siku zile hakuna aliyecheka.

Watu hawakusema Mwalimu kaua. Walisema amemweka mtu mwema mahali pa mtu mbaya, na ubaya ukamjua. Wakaanza kumwendea mmoja mmoja. Ua wa makuti hauzuii sauti, kwa hiyo niliwasikia wote. "Mwalimu, hodi. Shikamoo. Nimekuja unitoe." Mwingine naye, "Nitoe, Mwalimu, na mtoto wangu mtoe." Hakubishana na yeyote. Alichukua wembe, akakwangua uso pole pole mpaka karatasi ikawa nyeupe, kisha akapaka majani ya mkoko pale mtu alipokuwa. Bi Zuhura alipokwenda kutolewa alirudi analia, akaniambia mtumbwi uliokuwa umejaa watu sasa umejaa majani.

Mimi kazini nilisema huo ni ushirikina. Niliwaambia wagonjwa kwamba karatasi haiwezi kumwita mtu, nikawapa dawa za shinikizo la damu. Nikirudi nyumbani nilimwona mume wangu mwenye kamba kila nilipofumba macho. Siku moja nilimwuliza Bi Zuhura jambo lililokuwa likinisumbua. Mwanawe wa kiume alikuwa mrefu, mzuri, mwenye mabega ya mpiga pondo kweli. Kwa nini Mwalimu hakumchukua yeye?

"Alimtaka," Bi Zuhura alisema. Alikuwa anasuka, hakuinua macho. "Nikamwambia, wewe ukimtia mwanangu kamba, mie nalala mlangoni kwako mpaka uifute. Mwenzangu wa kule bondeni akamwambia hivo hivo. Kila mwenye mwana alimwambia. Wewe umeolewa huku? Mtendaji ana mama huku? Ndo akamchukua yeye."

Mwanamke wa pale akiwa na dai zito hulala kizingitini kwa anayemdai, na mwenye nyumba hawezi kumruka. Nilikuwa nimeshaliona hilo mara moja. Sikujua kwamba lilikuwa limewalinda vijana wote wa kijiji, likamwacha wangu.

Nilikwenda siku ile ile mchana, na sare yangu ya zahanati mwilini. Mwalimu alikuwa ndani, kitabu kiko kwenye meza.

"Ulimchukua mume wangu kwa sababu hana mama hapa," nilimwambia.

Nilitegemea atazungukazunguka. "Ndiyo," alisema. "Kila mlango nilifukuzwa, mwanangu. Nikasema huyu ni mgeni, hakuna wa kunijia juu. Ndiyo, nilifanya hivo."

"Mtoe."

"Wengine wote nimewatoa. Nikimtoa na huyu kitabu sina. Mpiga Pondo anabaki mgongo mtupu."

"Mtoe, Mwalimu."

"Picha haiui mtu, Nesi. Wewe umesoma, unajua."

"Najua. Mtoe."

Akatikisa kichwa. Nikafungua kitenge nilichojifunga juu ya sare, nikakitandika kizingitini, nikalala. Sare nyeupe, viatu miguuni, siafu wakinipitia mkononi. Sikuwahi kujiona mjinga kama saa ile, na sikuwahi kuwa na uhakika na jambo kama saa ile. Mwalimu alisimama ndani akiniomba. Alinipitishia chai juu ya kichwa, nikakataa. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa na yeye akashindwa kutoka kwenda msikitini. "Nesi, unanikosesha swala ya jamaa," alisema, na kwa kweli sauti yake ilinitia huruma, lakini sikuinuka.

Ndipo ikapita pikipiki. Ilitoka upande wa barabara kuu, na ilipofika kwenye kona yetu ikapunguza mwendo. Mume wangu alikuwa nyumbani, upande wa pili wa makuti, nilimsikia ameacha kupasua kuni. Pikipiki ikasimama ikiunguruma. Nilipoinua macho, Mwalimu alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote. Mtu mmoja barabarani akasema neno, mwingine akajibu. Kisha wakaongeza moto wakaenda zao, na hatukujua kamwe walikuwa akina nani.

Mwalimu alikwenda mezani, akarudi na kitabu na wembe, akakaa sakafuni karibu na kichwa changu, akakwangua. Alilia waziwazi kama alivyozoea kuogopa waziwazi, anapangusa pua kwa mkono wenye wembe mpaka nikaogopa atajikata. Alipomaliza alinionyesha. Kamba ilikuwepo, mabega yalikuwepo, juu yake pametoboka. Nikainuka, nikakunja kitenge changu, na yeye akapita akaenda kuswali peke yake. Majani hakuyapaka pale.

Mume wangu alikasirika aliposikia. Alisema nimemwonea mzee wa watu. Miezi ikapita, tukapata uhamisho kwenda Kibiti mjini, na siku ya kuondoka Mwalimu alitubebea mizigo mpaka garini akituaga kama wanawe. Niliendelea kumwogopa kidogo. Kila nilipomkumbuka nilikumbuka lile tundu.

Mambo yametulia siku hizi, watu wanauza chipsi mpaka usiku mkubwa pale stendi. Mwaka huu nilikuwa sokoni Kibiti nikamwona anabishana na muuza rangi za ukindu. Amezeeka, miwani ameifunga kwa kamba ya viatu. Aliponitambua alinishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu, akanivuta mpaka kwenye benchi la mama lishe na kuagiza chai. Kwapani, ndani ya mfuko wa sandarusi, alikuwa na kitabu.

"Kimekwisha, Nesi," alisema.

Tulikifungua pamoja. Wengine walikuwa wamerudi kuomba nyuso zao, akawachora upya juu ya majani. Wengine walikataa, na mitumbwini bado kulikuwa na matawi yaliyoketi kati ya watu. Akida alibaki na koti zuri bila kichwa, Mwalimu alisema mjane wake ndiye aliyetaka iwe hivyo. Tulipofika karibu na mwisho aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Kuna jambo sikukwambia," alisema. "Na mie bado nakuogopa."

"Ondoa mkono, Mwalimu."

Alikuwa mume wangu. Si yule wa zamani mwenye mashavu yaliyojaa. Alikuwa huyu ninayeishi naye, mwenye upara unaoanza na mkunjo karibu na mdomo. Mwalimu alikuwa amebandika kipande kipya cha manila juu ya tundu, na ndani yake mtu yule anatazama mbele lakini anasikiliza kitu kilicho nyuma yake. Macho yamefunguka kuliko kawaida.

"Nani kakuruhusu?"

"Yeye. Alikuja mwenyewe Ruaruke, kabla ya masika. Kasema, 'Mwalimu, nirudishe.' Nikamwambia haya, kaa, usicheke kama ile siku. Nesi, hakucheka. Aliketi pale barazani anatetemeka tangu asubuhi mpaka adhuhuri, sikumwuliza, nikachora. Alipoondoka akaniomba nisikwambie."

Kabla ya masika alikuwa ameniaga anakwenda kijiji cha Mtunda kuangalia mikorosho. Nilikumbuka nilimfungashia na chakula.

Niliutazama uso ule mpaka chai ikapoa. Siku zote zile aliniambia haogopi, usiku baada ya usiku, gizani, sakafuni, bega lake likigusa bega langu, na mimi nilimwamini nikamchukia. Kumbe pale chini tulikuwa wawili. Mzee aliyeogopa mbele ya watu bila haya ndiye ambaye mume wangu alimwendea ili aogope mbele yake.

Mwalimu aliniuliza kama nataka amtoe tena. Wembe anao, alisema. Nikamwambia hapana, amwache.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa sebuleni, redio imewashwa, ameketi kwenye kile kiti chake kilichoegemea ukuta, anatazama mlango. Huwa anaketi pale kila jioni, na mimi siku zote nilidhani anafuata upepo. Nikavuta kigoda, nikakaa kando yake, nikatazama mlango pamoja naye. Baada ya kitambo akauliza mbona leo sipiki. Nikamwambia nitapika.